Denis Burkitt: daktari wa jicho moja aliyeufuata uvimbe wa mataya ya watoto

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mmoja aitwaye Hugh Trowell alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba hata sura yake ya kawaida haikujulikana tena. Mataya yalikuwa na uvimbe pande zote nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia na chini kushoto. Meno yalikuwa yamelegea ndani ya fizi.

Daktari wa upasuaji alikuwa Denis Burkitt, mtu wa Ireland, umri miaka 46. Alimpima mtoto, akampiga picha, akaondoka akiwa hana jibu. Kama ni usaha, haiwezekani jipu likatokea pande nne kwa mpigo. Kama ni saratani, saratani aliyoijua yeye huanza mahali pamoja. Alichoweza kufanya kwa mtoto yule kilikuwa kidogo sana.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye hospitali ya pale, akizungukia wagonjwa. Akachungulia dirishani. Nje kwenye majani alikuwa ameketi mama na mtoto wake, na mtoto yule alikuwa na uso uleule uliovimba. Burkitt alitoka nje haraka. Mataya yalikuwa na uvimbe, na alipompapasa tumboni akakuta uvimbe mwingine humo. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu. Wawili wenye sura ileile, kutoka miji miwili, hiyo ilikuwa habari nyingine.

Leo ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake duniani kote: limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe za damu zinazopaswa kuulinda mwili, na ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi watoto wa ukanda wetu, hasa wa kati ya miaka minne na saba, wavulana kuliko wasichana. Tumeona vema tuyaeleze maisha ya mtu huyu kwa wasikilizaji wetu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa sababu mwambao huu umo ndani ya eneo alilolichora. Pia ni kwa sababu jambo lililomsumbua, yaani ugonjwa kuonekana na watu wengi bila kutambuliwa na yeyote, halijaisha.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya, na saa za mapumziko alikuwa mtu wa ndege. Alikuwa akiwavalisha ndege wadogo pete miguuni ili awatofautishe, kisha anachora ramani kuonyesha kila mmoja ameshika eneo gani la bustani. Wataalamu wa ndege wanamkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo. Mtoto alikua akiona ramani zikichorwa mezani, na ukiyajua maisha yake ya baadaye huwezi kulipuuza jambo hilo.

Akiwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilipiga miwani yake na vipande vya kioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia likapotea. Aliishi miaka yote iliyobaki, na kufanya upasuaji wote aliofanya, kwa jicho moja.

Alianza chuo kikuu mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, kisha akageukia udaktari. Alikuwa Mkristo wa kusali sana, na aliamini kwamba Mungu ndiye aliyemwelekeza huko. Alihitimu mwaka 1935, akaendelea hadi akawa daktari bingwa wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa: mpasuaji mwenye jicho moja hakufaa. Vita Kuu ya Pili ikamfungulia njia ambayo ofisi ilikuwa imeifunga. Jeshi lilimchukua, likamleta Afrika Mashariki, na vita ilipokwisha alipata kazi Uganda. Mwaka 1946 yeye na mkewe Olive walipelekwa Lira, kaskazini mwa nchi, ambako alikuwa daktari wa eneo kubwa akiwa na wasaidizi wachache.

Lira ndiko alikochora ramani yake ya kwanza ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe watu wa mwambao wanaufahamu: mabusha. Alikuwa akiwapasua wanaume wengi wenye mabusha, akaona kwamba wengi wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa upande wa magharibi ni wachache. Daktari mwingine angeendelea kupasua. Yeye aliuliza kwa nini upande mmoja. Tofauti hiyo ilifuata minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Akaandika makala juu yake. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilimfundisha swali ambalo hakuliacha tena: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Aliporudi Kampala kutoka Jinja ile mara aliyomwona mtoto wa pili, alianza kupekua mafaili. Mulago ilikuwa na daftari la wagonjwa wa saratani lililoanzishwa miaka michache kabla, na kumbukumbu za maiti zilizochunguzwa. Humo akakuta watoto wengi. Huyu aliandikwa saratani ya taya. Yule, saratani ya figo. Mwingine, ya jicho, mwingine ya ini au ya mfuko wa mayai. Kila daktari alikuwa ameandika mahali ambapo yeye aliuona uvimbe. Burkitt alipozisoma kumbukumbu pamoja aliona ni ugonjwa mmoja unaoshambulia sehemu nyingi, na mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa na mwingine tumboni.

Watoto hawa hawakuwa wapya. Sir Albert Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha katika kumbukumbu zake maelezo ya watoto wenye uvimbe wa mataya. Kwa hiyo kwa muda wa miaka sitini hivi watoto walikuwa wakiletwa, wakitazamwa, wakiandikwa, wakifa, na kila mmoja alihesabiwa peke yake. Sisi tunapozungumzia ucheleweshaji wa kutambua saratani huwa tunamtazama mama kwanza: alikaa nyumbani muda gani, alipita kwa nani. Habari hii inaonyesha kwamba madaktari nao walichelewa, na wao walichelewa kwa miongo sita.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala yake katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Haikushtua watu wengi. Daktari wa maabara kutoka Marekani aliyekuwa Kampala, Greg O'Conor, alichunguza vipande vya nyama kwa darubini na kuonyesha kwamba ni limfoma. Jambo hilo lilibadilisha mengi, maana limfoma ilikuwa imeanza kutibika kwa dawa, na kisu peke yake hakikuwa kikisaidia. Burkitt alikuwa amewahi kujaribu kuukata uvimbe, na ulirudi palepale.

Huku nyuma aliendelea na swali lake la wapi. Aliomba fedha serikalini akapewa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza swali moja tu: je, mmewahi kuona mtoto kama huyu? Majibu yalipofika, alichoma pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani ofisini kwake. Pini zikajipanga. Zilitengeneza mkanda mpana unaokata katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia ulioshuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Lakini majibu ya barua hayatoshi. Hospitali isiyojibu si lazima iwe haina wagonjwa. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt alitoka Kampala kwa gari aina ya Ford, kuukuu, lililonunuliwa kwa pauni 250. Alikuwa na wenzake wawili, madaktari wa misheni: Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, ambaye pia alikuwa hodari wa kutengeneza magari, na Cliff Nelson. Walisafiri wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, wakipita Tanganyika iliyokuwa inangoja uhuru wake wa Desemba, wakaenda Rhodesia, Nyasaland, Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha wakarudi. Waliingia hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha zao na kuwauliza madaktari na wauguzi swali lilelile.

Mwisho wa safari walikuwa na mipaka mkononi. Karibu na ikweta, uvimbe haukuonekana katika sehemu zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Ukienda kusini, mpaka ule unashuka. Milima ya Kenya, Rwanda na Burundi ilikuwa karibu haina watoto hao; mabonde, pwani na kingo za maziwa walikuwa nao. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alimsaidia kuona kwamba kimo kinasimama badala ya joto. Ugonjwa ulikuwa mahali ambapo baridi haishuki sana chini ya nyuzi 16 na mvua inatosha, yaani mahali ambapo mbu anastawi mwaka mzima.

Tazama sasa ramani ya kwetu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Ujiji, Kibirizi, Sunuka, Buhingu, Kalya, vijiji vyote hivi vya ufukweni viko chini kabisa ya mpaka aliouona Burkitt, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye malaria nyingi. Ukipanda kuelekea Manyovu na milima ya Buha hewa inapoa, na mbu nao wanapungua.

Uhusiano na malaria ulikuja kueleweka polepole, na kirusi kilikuwa sehemu ya maelezo. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye alitoka pale akiwa ameamua kutafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Kwa miaka miwili na zaidi vipande vya nyama vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala na hakupata kitu. Kisha siku moja ya Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa ndege wa London na ndege ikaenda kutua Manchester. Mzigo ulipomfikia Epstein ulikuwa umechelewa, na maji yaliyobeba kipande yalikuwa yamechafuka kama maziwa. Wengi wangedhani kimeoza. Alipotazama kwa darubini aliona ni chembe za uvimbe zilizojitenga na zinazoelea zikiwa hai. Akazikuza, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr. Katika habari hii yote huo ndio uchelewaji pekee ninaoujua uliomfaa mtu.

Kirusi hicho karibu kila mtu anacho, na watoto wa kwetu hukipata wakiwa wadogo sana kupitia mate. Hakimdhuru mtoto aliye wengi. Inavyoeleweka ni kwamba malaria inayorudi na kurudi huchosha kinga ya mwili na kuzichochea chembe zilizobeba kirusi hicho zizaliane, hadi siku moja mojawapo inaharibika na kukataa kusimama. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, watafiti waliona ugonjwa huu haupo ingawa joto na mvua viko sawa na bara. Uvimbe huu hauambukizi. Mtoto mwenye nao anaweza kula sahani moja na ndugu zake, na mama hajamletea kwa kosa lolote.

Tiba ilianza Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uganda wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo Burkitt alikuwa na dawa tu. Madaktari wa Marekani, akiwamo Joseph Burchenal wa New York, walikuwa na dawa mpya za saratani wakitaka kujua zinafanya nini kwa limfoma, na wakampatia. Zilikuwa methotrekseti, siklofosfamaidi na vinkristini. Kilichotokea kiliwashangaza wote. Uso uliovimba ulirudi kuwa uso ndani ya siku chache. Wapo watoto waliopata dozi moja au mbili tu, wakapona kabisa na kubaki wazima miaka mingi. Wengine walipoa, wazazi wakaona kazi imekwisha wakawarudisha nyumbani, na uvimbe ukarudi. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1972 Burkitt alikuwa mmoja wa madaktari waliopewa pamoja tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kuonyesha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa. Katika orodha hiyo alikuwamo pia Mwafrika, Anomah Ngu wa Cameroon.

Hapa inafaa tuache maisha yake kidogo tueleze kwa nini siku zina thamani kubwa katika ugonjwa huu kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote wa saratani.

Chembe za limfoma ya Burkitt huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua kwa kasi zaidi. Fanya hesabu ya darasani: kitu kinachojizidisha mara mbili kila baada ya siku mbili, kwa wiki mbili kimekuwa mara 128. Mwilini haiendi kwa usawa hivyo, lakini unapata picha. Mzazi anayesema tungoje mwisho wa mwezi dagaa wakivuliwa tupate nauli, kwa ugonjwa wa moyo au ngiri huenda asipoteze kitu kikubwa. Kwa uvimbe huu amempa wiki tatu.

Kasi hiyohiyo ndiyo inayoufanya usikie dawa upesi, kwa sababu dawa hizi huua chembe zinazozaliana. Lakini uvimbe ukiwa mkubwa mno, chembe nyingi zikifa kwa mpigo mmoja, taka zake huziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa tiba inayofanya kazi vizuri. Ukifika kwenye uti wa mgongo miguu hupooza, na ukiingia kwenye ubongo kazi inakuwa ngumu zaidi. Mtoto yuleyule, kwa dawa zilezile, ana nafasi tofauti kabisa kutegemea amefika wiki gani.

Shirika la Afya Duniani linasema watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilitangaza lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Dawa ni sehemu ya tofauti hiyo, lakini sehemu kubwa ni kwamba mtoto anafika amechelewa, au ugonjwa wake haujulikani kamwe na anazikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Mwambao huu kuna mitego yake. Wa kwanza ni malaria yenyewe. Mtoto ana homa na tumbo limejaa. Anapimwa kwa kipimo cha haraka, malaria inaonekana, anapewa dawa mseto, kila mtu anaridhika. Na malaria ni kweli anayo. Ila ugonjwa wa pili umejificha nyuma yake, na tumbo gumu linaitwa bandama kwa miezi. Mtego wa pili ni meno. Jino la mtoto likilegea na fizi ikivimba, wapo wanaosema ni meno ya plastiki, anatafutwa mtu wa kuyang'oa. Au hata kwenye kituo jino linang'olewa na dawa ya usaha inatolewa, uvimbe unaendelea. Halafu kuna chale, na dawa ya kupaka, na maneno kwamba amerogwa. Sitaki kuwasema vibaya wazazi kwa hilo. Mtu hutafuta msaada palipo karibu, na mtoto wa Kalya au Kagunga anategemea boti hata kufika Kigoma mjini.

Na Kigoma mjini safari haijaisha. Limfoma hii haitambuliwi kwa kutazama tu. Lazima kipande kidogo cha uvimbe kitolewe kwa sindano au kisu na kichunguzwe kwa darubini na mtaalamu wa kazi hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ndiyo mlango wa rufaa kwa mkoa wetu. Tiba ya saratani ya watoto iko Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa reli ya kati Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 1,200. Muhimbili watoto hawa hutibiwa bila kulipia, kwa fedha za serikali na msaada wa taasisi ya Tumaini la Maisha. Ni vizuri hilo lijulikane, kwa sababu wengine hukaa nyumbani wakiogopa bili ambayo haipo. Nauli na miezi ya mama kukaa mbali na shamba na watoto wengine, hayo ni mzigo wa kweli, na ni vema kumuuliza ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla ya kuondoka.

Dalili za kumpeleka mtoto haraka zinajulikana. Uvimbe wa taya au kuzunguka jicho unaoongezeka kwa siku. Meno kulegea kwa mtoto ambaye umri wake wa kung'oka meno haujafika. Uvimbe mgumu tumboni, hata kama haumuumi, na hasa kama haumuumi. Tezi za shingo zinazokua wiki baada ya wiki. Homa isiyokoma ingawa malaria imetibiwa, pamoja na kupauka na madoa ya damu kwenye ngozi. Na moja ambayo simu yako inaweza kukuonyesha: ukimpiga mtoto picha kwa taa ya simu, mboni ikang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, tena si mara moja, mpeleke akapimwe macho, hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho. Ukifika zahanati sema uvimbe umeanza lini na umekua kiasi gani. Kama una picha za mtoto za mwezi uliopita, zionyeshe. Ukiambiwa urudi baada ya wiki mbili na uvimbe unaongezeka kila asubuhi, rudi kesho, au omba rufaa. Na tiba ikianza, uso ukarudi, mmalize dozi zote.

Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960 akaishi Uingereza. Huko alianza kazi nyingine iliyompa umaarufu zaidi kwa watu wa kawaida: aliwashawishi Wazungu kwamba magonjwa mengi ya tumbo waliyokuwa nayo, ambayo hakuyaona kwa wagonjwa wake wa Uganda, yanatokana na kula unga mweupe uliokobolewa na kukosa makapi. Aliandika kitabu kuhusu hilo mwaka 1979, akazunguka dunia akihutubia. Si kila alichodai kimethibitishwa. Mbinu ilikuwa ileile ya Lira: ugonjwa uko wapi, wapi haupo, na watu wa huko wanaishi vipi.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82. Kirusi hakukigundua yeye, wala maabara hakuwa nayo. Yeye alikuwa na kamera, pini, kikaratasi chenye picha na gari la pauni 250.